Dakika za Kusimama

Sentensi niliyoiandika ilikuwa na maneno tisa: "Ajali ilisababishwa na mwendeshaji kutokuwa makini na kazi yake."

Niliiandika saa tatu asubuhi, katika kiwanda kimoja cha sukari hapa magharibi mwa Kenya, saa tano tu baada ya fundi wetu kukatwa vidole viwili vya mkono wa kulia. Nilikuwa na miezi minne kazini kama afisa wa usalama. Nilihoji watu watatu, nikapiga picha, nikajaza fomu, nikatia sahihi. Kufikia adhuhuri mwendeshaji aliyebonyeza kitufe alikuwa amesimamishwa kazi. Baada ya wiki mbili akaachishwa kabisa, na barua aliyopewa ilikuwa na ile sentensi yangu vilevile nilivyoiandika.

Hakuna siku ya kazi ninayoijutia kuliko ile. Wakati ule lakini sikujuta. Niliona nimemaliza jambo haraka na vizuri, na bosi akanisifu mbele ya wenzangu.

Kwa asiyewahi kuingia kiwanda cha sukari, acha nieleze kidogo. Miwa hukatwakatwa kwa visu vikubwa, kisha hupita kati ya rola nzito zinazoikamua mpaka yabaki makapi. Juisi huenda kuchemshwa. Makapi hupanda konveya, ile mikanda mirefu inayoyapeleka kwenye boila, na humo huchomwa ili kutoa mvuke. Mvuke huo ndio unaozungusha rola na kutupa umeme. Kwa hiyo kiwanda hujilisha chenyewe: makapi yakikwama njiani, boila inakosa kuni, mvuke unashuka, rola zinasimama, na jengo lote linanyamaza. Huko nje matrekta yamepanga foleni hadi barabarani. Muwa uliokwisha kukatwa hupoteza uzito na utamu kadiri unavyokaa juani, na mkulima analipwa kwa uzito. Ule ukimya huogopwa na kila mtu, kuanzia meneja hadi mama anayeuza chai na mandazi langoni.

Msimu wa mvua makapi hutoka na unyevu, yanashikana mabonge mabonge. Usiku ule konveya ya tatu ilikwama. Fundi alipiga mluzi, akaonyesha kwa mkono izimwe, ikazimwa, akapanda na chuma chake cha kuchokolea. Konveya ya pili, inayolisha boila nyingine, ilikuwa imesimama kwa sababu zake, na sasa ilikuwa tayari. Msimamizi wa zamu akapaza sauti kutoka chini: washa ya pili. Mwendeshaji akanyoosha mkono. Kwenye paneli palikuwa na vitufe sita vya kuwasha, vyote vya kijani, vyote vya duara, vimekaa mstari mmoja, na maandishi ya chini yake yalikuwa yamefutwa na mafuta na vumbi tangu kabla sijaajiriwa. Akabonyeza cha tatu.

Ilikuwa saa kumi alfajiri. Kijana yule alikuwa ameingia kazini saa nane mchana wa siku iliyotangulia. Saa nne usiku mwenzake wa kumpokea hakutokea, akaombwa aunganishe zamu. Alikuwa macho tangu saa kumi na mbili asubuhi alipompeleka mtoto shule. Haya yote aliniambia mwenyewe, na yamo kwenye daftari langu la siku ile kwa mwandiko wangu. Hayakuingia kwenye ripoti kwa sababu fomu haikuwa na mahali pa kuyaweka. Ilikuwa na kisanduku kimoja kilichoandikwa "Chanzo", na machaguo matatu: uzembe, kutofuata utaratibu, vifaa vibovu. Kitufe kilikuwa kizima. Nikatia alama kwenye uzembe.

Mwaka uliofuata nilipelekwa Kisumu kwa kozi ya wiki mbili. Siku ya tatu mwalimu akatusimulia habari za ndege za Marekani za B-17 wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Marubani wazoefu walikuwa wakitua salama salimini, kisha ndege ikiwa bado inakimbia ardhini wanakunja magurudumu, na ndege inalala kwa tumbo. Wakubwa waliita makosa ya rubani. Mwanasaikolojia kijana, Alphonse Chapanis, akaingia ndani ya ndege na kutazama. Alikuta swichi ya magurudumu na ile ya flapu, yaani vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyosaidia kupunguza mwendo, ziko ubavu kwa ubavu na zinafanana kabisa. Aliweka gurudumu dogo la mpira kwenye swichi ya magurudumu, na kipande chenye umbo la kabari kwenye ile ya flapu, ili mkono ujue umeshika nini hata gizani. Hadi leo mkono wa magurudumu katika ndege za abiria una umbo la gurudumu. Mwaka 1947 Paul Fitts na Richard Jones walikusanya visa 460 vya marubani kukosea vifaa vya kuongozea ndege, wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya yale yaliyoitwa makosa ya rubani yalitokana na jinsi vifaa vyenyewe vilivyotengenezwa na kupangwa.

Wenzangu waliendelea kuandika. Mimi niliweka kalamu chini. Vitufe sita vya kijani vilinijia machoni, nikashindwa kumsikiliza mwalimu kwa muda mrefu.

Usiku ule, kwenye chumba changu cha wageni, nilisoma mpaka macho yakauma. Nikakuta utafiti wa Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia, uliochapishwa mwaka 1997: mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi kama mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, na akikaribia saa 24 ni kama amefika asilimia 0.10. Mwendeshaji wetu alikuwa amekaa macho saa 22. Kama angekuja kazini amelewa kiasi hicho, mlinzi wa lango angemrudisha nyumbani. Sisi ndio tuliomwomba abaki.

Nilirudi kiwandani na moto. Hapa ndipo nilipokosea mara ya pili, na kosa hili nadhani ni la wengi wanaotoka kozini. Niliomba ukumbi, nikawaita mameneja, nikawaonyesha B-17, pombe na usingizi, michoro yenye mishale. Walipiga makofi. Nikaandika kibali kipya cha kazi chenye kurasa tisa: kabla ya kugusa konveya iliyokwama, zima, funga kwa kufuli, jaribu kuwasha, pata sahihi ya injinia, ndipo upande. Kila hatua ilikuwa sahihi. Marekani ina kanuni ya kufunga mashine kwa kufuli tangu 1989, na niliifuata vizuri. Nikabandika mabango, nikafundisha zamu zote tatu kwa mwezi mzima.

Baada ya miezi sita nilikagua faili. Vibali vyote vilikuwa vimejazwa, hakuna hata nafasi moja tupu. Nilifurahi kwa muda wa dakika tano hivi, kisha nikaona kwamba vibali kumi na moja vya usiku tofauti vilikuwa na kalamu moja, mwandiko mmoja, na doa lile lile la chai lililopenya kutoka ukurasa hadi ukurasa. Walivijaza vyote kwa mkao mmoja mwanzoni mwa mwezi.

Nilikasirika sana. Nilikwisha hata kuandika barua ya onyo. Sikuituma, kwa sababu jioni hiyo nilikuwa nasoma kuhusu orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, nikakuta mambo mawili yasiyolingana. Utafiti wa kwanza ulitoka mwaka 2009. Hospitali nane katika miji minane ya dunia ziliijaribu orodha hiyo, mojawapo ikiwa Ifakara, hapa kwa jirani zetu Tanzania. Kwa jumla vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo ya baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Kisha jimbo la Ontario huko Kanada likazitaka hospitali zake zote ziitumie orodha ya aina hiyo. Mwaka 2014 yakachapishwa matokeo ya hospitali 101: vifo na matatizo havikupungua kwa kiasi cha kuonekana wazi. Na hospitali zenyewe ziliripoti kwamba orodha inajazwa karibu kila mara.

Nilikaa na hilo muda mrefu. Karatasi inaweza kufanana, sehemu moja ikaokoa watu, kwingine isiguse kitu. Ontario walikuwa wamepata kile nilichopata mimi: faili nzuri.

Nikaomba ruhusa ya kufanya zamu za usiku kwa wiki tatu, si kukagua, bali kukaa. Usiku wa kwanza hakuna aliyezungumza nami zaidi ya salamu. Walipokuwa wakiona koti langu la kijani walivaa kofia ngumu na kunyamaza. Usiku wa nne nililiacha lile koti ofisini, nikaja na chupa kubwa ya chai ya maziwa. Mzee wa boila, mtu aliyeanza kazi pale mimi nikiwa bado shule ya msingi, akanisogezea ndoo niketi.

"Mulembe, mzee," nikamwambia.

"Mulembe, binti yangu. Leo hukuja na karatasi."

Tulikaa bila maneno mengi. Karibu saa tisa makapi yakakwama. Kijana mmoja akapanda na chuma chake huku konveya inazunguka, akachokoa, ikaachia, akashuka. Haikufika dakika mbili. Nilikuwa nimesimama, moyo unanienda mbio, mdomo wazi. Mzee akanishika mkono wa shati kabla sijapiga kelele.

"Usimgombeze. Kwanza niulize ile kufuli yako iko wapi."

Nikamuuliza. Iko stoo. Stoo hufungwa saa kumi na moja jioni. Sahihi ya injinia je? Injinia analala kwenye nyumba za kampuni, ng'ambo ya shamba la miwa. Kumfuata na kumrudisha ni nusu saa kama pikipiki ipo. Haya nilipaswa kuyajua kabla ya kuandika ukurasa wa kwanza. Lakini aliloniambia baadaye ndilo lililonifungua macho.

"Kile kitabu cha dakika umewahi kukisoma?"

Nilikuwa nimekiona kwa miaka miwili juu ya meza ya chumba cha udhibiti. Ni daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila mara kiwanda au sehemu yake inaposimama, huandikwa saa, sababu, na idara itakayobeba dakika hizo. Mwisho wa mwezi dakika zinajumlishwa, na bonasi ya kila idara hukatwa kulingana nazo. Mimi nilikiona kuwa kitabu cha uzalishaji, kisichonihusu.

Mzee akanifunulia kurasa kwa kidole cheusi kwa masizi. Idara ya boila, konveya kusimamishwa, dakika ishirini. Idara ya boila, dakika kumi na nane. Jina la msimamizi pembeni. "Hawa ndio waliofuata karatasi yako," akasema. Kisha akanionyesha usiku ule ule tuliokuwa nao. Hapakuwa na maandishi yoyote. Konveya haikusimama, kwa hiyo hapakuwa na dakika za kuandika, na hakuna aliyekatwa hata shilingi.

Nilihisi baridi. Kitabu kile kilikuwa kikimlipa kila mwezi anayeingiza mkono kwenye mashine inayozunguka, na kumkata anayeizima. Na kilikuwa na nguvu kuliko mabango yangu yote, kwa sababu kilifika hadi kwenye unga na karo za watoto. Wale vijana hawakuwa wakaidi. Walisoma amri mbili za kampuni, wakafuata ile iliyokuwa na pesa.

Sayansi hii ya ergonomia, ya jinsi mwili na akili ya mtu vinavyokutana na mashine, saa na amri, mara nyingi hufundishwa kana kwamba inaishia kwenye vitufe na viti. Mimi sasa naamini nusu yake kubwa iko kwenye madaftari ya namna ile. Kitufe unaweza kukibadilisha Jumamosi moja. Kitabu cha dakika kina wenyewe, na wenyewe wako juu yako.

Mwenyewe alikuwa meneja wa uzalishaji. Ni mtu mkali, lakini mtoto wa mkulima wa miwa, na najua kwamba ile foleni ya matrekta ilimnyima usingizi kwa sababu za kweli. Sikumpelekea michoro tena. Nilimwomba kitu kimoja: aje usiku mmoja, konveya ikikwama, yeye mwenyewe aishughulikie kwa kufuata kibali nilichoandika na yeye akakipitisha, kurasa zote tisa, na mimi nishike saa.

Alikuja siku ya Alhamisi, mvua ikinyesha tangu alasiri. Ilikwama saa saba usiku. Akaizima. Akaenda stoo, ikabidi mlinzi atafutwe mwenye funguo. Akampigia injinia simu, haikushikwa, akatuma pikipiki. Mvuke ulianza kushuka tukiwa ukurasa wa nne. Alisimama pale na zile karatasi zikilowa mkononi, wafanyakazi kama kumi wakimtazama bila kusema neno, mpaka injinia akafika na tope magotini. Dakika hamsini na mbili. Meneja akaitazama saa yangu, akawatazama vijana, akasema kwa sauti ya chini, "Na hii ni mimi niliyeitia sahihi."

Mambo yaliyofuata yalichukua miezi minane, na sitayasimulia yote. Kubwa ni kwamba kitabu cha dakika kiliongezwa safu mpya: kusimama kwa usalama. Konveya ikizimwa kwa ajili ya kuchokoa, dakika ishirini za kwanza hazibebwi na idara yoyote. Kibali kikawa ukurasa mmoja, na sahihi ikawa ya msimamizi wa zamu aliyepo pale pale. Kila fundi akapewa kufuli yake na ufunguo mmoja, ukae mfukoni mwake akiwa juu.

Vitufe tuliwaachia waendeshaji na mafundi wa umeme. Nilikuwa na wazo la Chapanis, maumbo tofauti, na nililipenda. Wao walinisikiliza kwa heshima, kisha mama mmoja wa zamu ya mchana akauliza kwa nini kitufe kikae mahali ambapo anayekibonyeza hamwoni aliye juu ya konveya. Hakuna aliyekuwa na jibu. Basi swichi za kuwasha zikahamishwa, kila moja kando ya konveya yake, mahali unapoona mkanda wote kutoka mwanzo hadi mwisho. Paneli ya zamani ikabaki na vya kuzima tu. Gharama yake ilikuwa nyaya na siku nne za kiwanda kufungwa kwa matengenezo, ambazo zingefungwa vyovyote vile.

Mwezi wa kwanza wa safu mpya dakika za kusimama zilipanda, na makao makuu wakapiga simu wakitaka ifutwe. Wiki ile ndiyo iliyonitia hofu kuliko zote. Nilijua safu ile ikifutwa mara moja, hakuna fundi atakayeniamini tena. Meneja wa uzalishaji ndiye aliyeitetea. Aliwaambia kwamba dakika hizo zilikuwepo siku zote, ila zamani zililipwa kwa mikono ya watu na hazikuandikwa popote. Ikabaki, na ipo hadi leo.

Zamu za kuunganisha bado zipo. Zimepungua, lakini mwajiriwa akikosa kufika usiku wa mvua, bado kuna mtu anayeombwa abaki, na mimi bado sina pa kumtoa mwingine. Nililiandika jambo hili mara tatu kwa uongozi. Nitaliandika tena.

Fomu ya ajali nayo tuliibadilisha. Kisanduku cha uzembe hakipo. Kuna maswali: alikuwa macho tangu saa ngapi, aliona nini kutoka pale aliposimama, nini kilimfanya aone jambo alilofanya ni sawa wakati ule, wengine hufanya vipi kazi hiyo hiyo. Siku nilipoijaribu kwa mara ya kwanza nilichukua daftari langu la zamani na kuijaza kwa ajali ile ya saa kumi alfajiri. Kila swali lilikuwa na jibu. Majibu yalikuwa mikononi mwangu tangu asubuhi ile.

Nilipeleka ombi faili ifunguliwe upya. Ofisi ya wafanyakazi ikasema faili iliyofungwa haifunguliwi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, yenye wawakilishi wa wafanyakazi pia. Tulikuwa nayo, ikikutana kwa chai na maandazi na kutia sahihi kumbukumbu. Nikaipelekea kamati. Fundi aliyepoteza vidole, ambaye sasa anafanya kazi kwenye mizani ya miwa, aliomba kuzungumza. Alisema yule kijana hakumfanyia ubaya, na kwamba amekuwa akisubiri mtu wa kumuuliza. Hakuna aliyemuuliza, hata mimi. Asubuhi ile nilihoji watu watatu, na yeye hakuwa mmojawapo, kwa sababu alikuwa hospitali, na baadaye sikwenda.

Kamati ikakubali ripoti mpya iwekwe juu ya ile ya zamani. Kampuni ikampa mwendeshaji nafasi ya kurudi. Hakuitaka. Alikwisha kuanza maisha mengine, analima na kuchoma matofali, na alisema hawezi tena kusimama karibu na konveya. Nilimpigia simu kumwomba radhi. Nilimwambia ile sentensi ya kwanza niliandika mimi, kwamba haikuwa kweli, na kwamba nilikuwa na ukweli kwenye daftari wakati naiandika.

Alikaa kimya, nikasikia kuku na mtoto akilia kwa mbali. Kisha akaniuliza mpya inasemaje. Nikamsomea: "Mwendeshaji, akiwa macho kwa saa 22 baada ya kuombwa aunganishe zamu, alibonyeza kimoja kati ya vitufe sita vinavyofanana visivyo na maandishi, kutoka mahali ambapo hakuweza kumwona fundi."

"Ngoja kwanza, madamu," akasema. Nikamsikia akiita, hatua zikija, simu ikiwekwa sauti ya juu. "Huyu ni mama watoto. Soma tena."